Tano ya Mkunga Nambua

Aliyenitumia hadithi hii aliniomba nisibaki nayo peke yangu.

Katika zahanati moja ya mlimani palikuwa na mkunga aitwaye Nambua. Kwa miaka thelathini mikono yake ilijua mtoto amelalaje tumboni.

Siku moja ikaletwa mashine ya akili mnemba. Mjamzito akipitishiwa kipimo tumboni, yenyewe husema: salama, au hatari. Akina mama walipimwa, wakashukuru, kisha wakazungukia mlango wa nyuma kumwomba Nambua naye awaguse. Hilo halikuandikwa popote.

Baada ya miezi sita akapanda Bwana Senkoro, mkubwa wa afya wa wilaya, na fomu zake. Alitaka kujua watu wanaiamini mashine kwa kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Wanawake wakamuuliza Nambua wajibu nini.

"Mgeni katoka mbali," akawaambia. "Mnywesheni uji, mpeni tano yake, ashuke salama."

Wakacheka. Huko mlimani mgeni hapewi neno chungu. Wakampa tano.

Mwezi uliofuata Nambua akapokea barua ya Bwana Senkoro. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamweleza kwamba watu tisini na sita katika kila mia wanaiamini mashine, hivyo mkunga hahitajiki tena, na asimguse mjamzito yeyote. Naye alikuwa mtu wa kutii. Akarudi kupalilia maharage yake.

Msimu wa mvua, Bwana Senkoro akatokea shambani kwa miguu, viatu vimejaa tope. Gari kaliacha barabarani. Binti yake, aliyeolewa kijijini hapo, alikuwa ameshikwa na uchungu. Mashine ilikuwa imesema salama.

"Mama, naomba mikono yako."

"Si watu wanaiamini mashine, baba?"

"Hao ni watu," akasema. "Huyu ni mwanangu."

Nambua akanawa, akaenda. Mtoto alikuwa amelala kingamo tumboni, si kichwa chini. Akaagiza binti akimbizwe hospitali kwa gari la baba yake, na mama na kichanga wakapona.

Wiki ile ile mke wa mchoma mkaa naye aliambiwa na mashine kwamba yu salama. Huyo hakuwa na baba wa kuvunja amri yake mwenyewe. Alizikwa pamoja na mtoto wake.

Baada ya matanga Nambua akateremka wilayani, akamwomba Bwana Senkoro aifute barua ile. Bwana Senkoro hakubisha. Alifungua jalada, akachomoa fomu moja, akaiweka mezani.

"Tuliwauliza, mama. Hata wewe uliandika tano."

Nambua akautazama mwandiko wake, ulionyooka kama alivyofundishwa shuleni. Akajifunga kanga yake, akaanza kupanda mlima.

Funzo: Imani ya mtu usiipime kwa jibu analompa mgeni, bali kwa mahali anakompeleka mwanawe, nawe ukiulizwa sema kweli, kwa maana adabu yako ya leo inaweza kumzika mwenzako kesho.