Kamba ya Sultani Iliyokataa Kushuka

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, ilikuwa ada Sultani mpya apimiwe ardhi yake kwa kamba. Huketi juu ya mkeka mlangoni pa jumba lake, uso kaelekeza mjini, kamba ikaanzia utosini pake, ikapita juu ya kiguzo kilichojengwa mbele yake, ikanyooshwa vivyo hivyo mpaka iguse ardhi. Hapo ndipo mpaka: upande wa jumba ni wa Sultani, upande wa pili ni wa watu. Kiguzo kilikuwa kifupi, cha magotini, kwa hiyo kamba ilishuka upesi, na masultani wa kale walipata ua wa kufugia mbuzi, wakaridhika.

Basi akatawala Sultani Hasnuni, na huyu, Mungu amsamehe, alikuwa na tamaa ya fisi. Akaamuru kiguzo kiongezwe jiwe, akajaribu kamba, ikaangukia mbali zaidi. Akaongeza la pili, ikafika kwenye kunde za jirani. La tatu likaifikisha ukingoni mwa kisima cha mji. Sultani akachekelea, akasema kisima kikiwa chake kila mtu atamwomba maji, na atakayeomba vibaya atalala na kiu. Akawaamuru waashi wazidishe mawe wawezavyo, maana kama hayo machache yamemfikisha kisimani, mengi yatamfikisha mwisho wa mji.

Alikuwapo fukara mmoja jina lake Ngwali, hana kazi ila maneno, akiishi na mamaye. Habari ya kisima ilimtia hofu ya kweli, kwani mamaye alikuwa na ulimi mkali, na kwa Sultani yule asingepata hata kata moja ya maji.

Siku ya kupima ikawadia, watu wakakusanyika, na kadhi akiwapo. Sultani akaketi mkekani, na kiguzo sasa kimempita kimo. Watumishi wakavuta kamba, ikapita juu ya kiguzo, ikaendelea kupanda. Wakaleta ngazi, wakaifuata, nayo yazidi kwenda juu tu. Waziri akatoka jasho. Ngwali akaitazama ile kamba, akaelewa kwamba kiguzo kikizidi kichwa cha Sultani kamba haitashuka kamwe, kicheko kikamponyoka.

Sultani akaghadhibika, akaapa kwamba aliyecheka ndiye atakayemwonyesha kamba inapogusa ardhi, na akishindwa atafungwa maisha.

Ngwali akainama. "Bwana wangu, nitaonyesha. Lakini tamka mbele ya kadhi: nikipaona, ndipo mpaka?"

"Naapa kwa kiti cha baba yangu," akasema Sultani. "Kamba isipinde, na popote itakapogusa ardhi ndipo mpaka wangu."

Basi Ngwali akaishika kamba, lakini si ncha ile iliyokuwa ngazini. Akaenda nyuma ya Sultani, akamwomba atulie, akaivuta kutoka utosini pake kuelekea nyuma, imenyooka sawasawa na ile ya mbele. Ikashuka, ikapita mlangoni, ikagusa sakafu ndani ya jumba, mbele tu ya chumba cha kulala.

"Bwana wangu, imegusa," akasema. "Chumba chako cha kulala kimebaki chako. Baraza, ukumbi na jiko, vyote vimeangukia upande wetu."

"Lakini huko ni nyuma yangu!"

"Ulisema popote, Bwana. Hukusema mbele."

Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi akajibu kwa upole kwamba kamba ni moja, haikupinda, na haina pengine inapogusa ardhi. Harufu ya pilau ikatoka jikoni, na Sultani alikuwa hajala tangu asubuhi.

Ngwali akasema, "Ukiona njaa, Bwana, utatuomba. Ila uombe vizuri, usije ukalala nayo."

Uso ukamshuka Sultani kwa haya. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akainuka, akayatoa mawe ya kiguzo kwa mikono yake mwenyewe, akasaza yale ya mababu. Kisima kikabaki cha watu, na jiko likarudi kwake. Lakini alipofika mlangoni pa jiko alisita, akamtazama Ngwali, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kupakua.