Kicheche Apige Hodi

Paukwa!
Pakawa!
Anayesinzia?
Tumfinye kidogo, asikie.

Hapo zamani za kale, Jogoo na mkewe Tetea waligombana bandani.

"Tangu jua lizame umeniuliza mara kumi na nne kama nipo," alisema Tetea. "Nisingekuwepo, nani angekujibu?"

"Nahesabu watu wangu, Mama Vifaranga."

"Basi hesabu kimya. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukiwa bado hulali, nahamia kwa Bata na wanangu wote."

Jogoo hakuwa hivyo zamani. Ila siku moja Kicheche, mla kuku, aliingia bandani bila hodi. Puu! Purukushani, vumbi, makelele. Alimkosa Jogoo, akatoka na manyoya ya mkia wake mdomoni. Tangu siku hiyo Jogoo akifumba macho, Kicheche huyo. Akifumba tena, huyo. Basi hafumbi. Alfajiri anapitiwa na usingizi. Adhuhuri anazinduka, anawika, kokorikoo, na Ng'ombe aliyekwisha shiba anaamka upya na kudai kifungua kinywa.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mbuzi alimlisha majani ya mwarobaini, akaharisha. Kobe alimwambia asahau tu. Jogoo akajitahidi kusahau usiku kucha, macho kodo.

Jumanne akaona Tetea anafunga kifurushi. Akakimbilia kwa Bata.

Bata aliwahi kuponyoka mdomoni mwa Kenge, naye hakumwambia asahau. Alimkalisha juani, akamtaka asimulie ile ndoto yote. Jogoo akasimulia.

"Aliingiaje?" akauliza Bata.

"Bila hodi."

"Hana adabu. Ndoto ni yako, banda ni lako. Mrudishe nje apige hodi."

Wakaifanyia ndoto mazoezi mchana, kandokando ya bwawa, Jogoo akifumba macho na kuisimulia upya kwa sauti. Jumanne Kicheche alikataa kutoka. Jumatano alitoka akinung'unika. Alhamisi alitoka, akapiga hodi, lakini kwa yale manyoya mdomoni ikasikika "hofi". Vifaranga vya Bata vikacheka mpaka vikatumbukia majini, chubwi, chubwi. Jogoo naye akacheka. Hakuwa amecheka tangu mkia wake uliponyofolewa.

Usiku huo Tetea alikaa juu ya kifurushi, akingoja kuulizwa kama yupo. Hakuulizwa. Akangoja. Kimya. Akasikia Jogoo anakoroma, khoo, khoo, kama jiwe la kusagia, akafungua kifurushi taratibu.

Kicheche bado humjia Jogoo ndotoni, mara mojamoja. Hofu haiondoki kwa kufukuzwa siku moja. Ndiyo maana nawaambia, wakubwa kwa wadogo: aliyeshtuka haambiwi asahau. Anasikilizwa, mchana kweupe, mpaka hofu yake ijifunze adabu.

Hadithi yangu imeishia pale mlangoni mwa banda, ndotoni, Kicheche amesimama nje, mkia chini, akisema, "Hodi," na Jogoo akimjibu bila kufumbua macho:

"Tumelala."