Nyumba Isiyoonja Moto

Wewe unayeguna kabla hadithi haijakaa sawa, guna umalize. Unachotaka kusema kinajulikana: nyumba ya matofali mabichi haisimami masika ya Upareni, labda kwa uchawi. Umejenga ngapi wewe? Umekanda udongo wa wapi? Mtu amezaliwa akakuta ukuta umeshasimama, akauegemea, leo ndiye mjuzi wa kuta. Tulia. Nyumba ilikuwepo na mpaka leo ipo. Ingeanguka, kijiji kingelala usingizi. Kilichowasumbua ni kwamba ilisimama.

Katika kijiji cha Mwarire walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na hakuna hata mmoja aliyepata mali kwa hicho kipaji.

Wa kwanza ni Bibi Nanzia, mfinyanzi. Kipaji chake kilikuwa ulimini. Akiweka chembe ya udongo mdomoni alikuambia umechimbwa wapi, una mchanga kiasi gani, na utapasuka lini. Alifinyanga vyungu miaka arobaini, mpaka watu wakahamia kwenye sufuria. Sasa analala jikoni kwa wifi yake, pamoja na kuku.

Wa pili ni fundi Mrindoko, fundi wa mapaa. Kipaji chake kilikuwa kuijua mvua. Alisimama kiwanjani pakavu, akanyoosha mkono, akasema mvua itapiga ukuta huu na upepo utavuta bati lile, na ikawa hivyo. Ameezeka nusu ya Mwarire, na yeye amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, unga unamwangukia kwenye chai.

Wa tatu ni Navoneiwa, mama wa watoto wawili, ambaye mumewe alikwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Shemeji zake walimtolea vyombo nje. Kipaji chake hakikuwa na jina. Alijua kuchekwa na asiondoke mahali alipo. Watu huona kitu hicho ni kidogo mpaka siku wachekwe wao.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimechoka. Kwa miaka ishirini kila aliyetaka kuitwa mtu alijenga kwa matofali ya kuchoma, na kila tanuri lilimeza miti ya kutosha kujaza lori. Kilima kikabaki kama kichwa kilichonyolewa na kipofu. Chemchemi nayo ikanywea, mpaka wanawake wakawa wanakinga maji kwa kikombe, mmoja akikinga, kumi wakigombana. Wataalamu walikuja wakafanya semina, wakala wali, wakaondoka. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Mzee Senkondo, akapiga pembe ya msaragambo, ile kazi ambayo kila mtu hutoka na jembe lake bila malipo. Akasema watajenga nyumba moja ya mfano kwa matofali yasiyoonja moto, ili watu waone kwamba inawezekana kuwa na nyumba na mti pia.

Watu wakanung'unika. Ili kuwanyamazisha, mwenyekiti akatoa ahadi na mtendaji akaiandika: nyumba ikimaliza masika mawili, itakuwa mali ya mtu aliyeifanya isimame, pamoja na kiwanja chake. Mahali pa jina pakaachwa wazi. Waliacha wazi kwa sababu hapakuwa na aliyeamini kwamba jina litahitajika. Ahadi ya asiyetarajia kuitimiza haina uzito mdomoni.

Kazi ikaanza na udongo. Wanawake walileta wa mtoni kwa kuwa ni karibu. Bibi Nanzia akauonja, akautema. "Huu wa kupandia mihogo," akasema. Wakaleta wa chini ya shule, akautema na huo. Wale waliokuwa wameubeba kichwani wakamwambia atafute udongo wa kumwoa. Wa tatu ulikuwa wa kichuguu. Akauchanganya na mchanga wa korongoni, akaonja, akanyamaza, na kwa Bibi Nanzia kunyamaza ndiyo sifa. Wakafyatua matofali, wakayaanika kivulini chini ya majani makavu ya migomba siku ishirini na nane. Kila asubuhi bibi aliyageuza moja moja. Lenye ufa alilivunja papo hapo, hata kama aliyelifyatua amesimama pale anatazama. Hapakuwa na kuni wala moshi. Matofali yakawa magumu, mwana wa mtu akajikwaa akatoka damu, na tofali likabaki zima.

Ikaja zamu ya Mrindoko. Hakukubali tofali hata moja liguse ardhi. Kwanza alitaka msingi wa mawe mpaka magotini, na mawe yakabebwa kutoka korongoni kwa matusi. Kisha akaezeka, akautoa upenu nje ya ukuta hatua nzima ya mtu mzima. Watu wakasema anatupa mabati, nyumba imevaa kofia ya kaka yake. Akawaacha waseme. Chini ya mabati akatandika matete ili joto lisishuke, na ukingoni akafunga mfereji wa kupeleka maji kwenye pipa. Siku ya mwisho, akipigilia bati la kona, ngazi iliteleza. Akaanguka akavunjika mguu, nao ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo hajapanda paa, na fundi wa mapaa asiyepanda hana anachoitiwa.

Nyumba ikaisha, ikakosa mtu wa kulala ndani. Mwenyekiti aliombwa awe wa kwanza, akasema mkewe ana kifua. Mtendaji akasema ana kikao. Kumbe nyumba ya udongo isiyo na mtu haidumu: mbuzi huja kujikuna kwenye kona, mchwa hupanda kimya kimya, ufa mdogo hukua kwa kukosa wa kuuona. Navoneiwa akaingia na wanawe na mkeka mmoja. Masika ya kwanza waliopita njiani walimsalimu kwa kumwuliza kama bado hajafukiwa. "Bado," alijibu, "karibuni." Kila siku aliwasha moto wa kufukiza mchwa. Kila Jumamosi alizunguka kuta zote na tope lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, akiziba ufa ungali mwembamba kama unywele. Upande wa magharibi, ulikopiga mvua zaidi, aliusiriba mara tisa katika masika yale mawili. Mikono yake ilinuka zizi hata kanisani, na waliokaa naye benchi moja walisogea.

Sasa usije ukasema mmoja wao angeweza kuachwa. Walikuwepo wajanja watatu walioiona nyumba imemaliza masika ya kwanza, wakakimbilia kujenga zao. Kalage aliezeka kwa upenu mpana na akahamia ndani na mke wake, ila akachimba udongo wa mtoni, kwa kuwa hakutaka kubishana na kikongwe. Kuta zikapasuka kabla ya Krismasi. Elisafi akampelekea Bibi Nanzia udongo, akaonjewa, akakaa ndani, ila mabati akayakata mafupi ili abakize ya banda la nguruwe. Mvua ya wiki moja ikayeyusha ukuta, kitanda kikaonekana barabarani. Wa tatu, Mbazi, alifuata yote, udongo na upenu, kisha akafunga kwa kufuli akisubiri mpangaji kutoka mjini. Alipofungua, mchwa walikuwa wamekula fremu za milango, na kona mbili zilikuwa za mbuzi.

Waliobaki wakajifunza. Masika ya pili yalipokwisha, nyumba ya mfano ilikuwa imesimama, na kaya kumi na mbili zilikuwa zinafyatua matofali yasiyochomwa. Matanuri mawili yakaota nyasi. Pale chemchemi wanawake wakaacha kikombe, wakakinga kwa ndoo. Ni ndoo, si mto, kwa hiyo tusijisifu.

Hapo ndipo mtendaji alipokumbuka karatasi yake yenye pengo la jina. Walilikwepa jambo hilo miezi minane. Februari ikafika, wiki tatu kabla ya masika mengine, na ofisi ya ardhi ikataka jina. Baraza likaitishwa, na wazee wote wakachagua kukaa ndani ya nyumba hiyohiyo, kwa sababu ofisi ya kijiji, ya matofali ya kuchoma, ilikuwa na joto la kuoka mkate. Wakakaa kwenye kitanda cha Navoneiwa, wakanywa chai ya Navoneiwa, wakaanza kujadili kama Navoneiwa ahame.

Yeye alikaa kwenye kinu karibu na mlango. Jina likiandikwa la mwingine, atatoka na wanawe kabla ya mvua, na pa kwenda hapajui. Kwa shemeji zake hapana hata pa kuweka sufuria. Hilo kila mtu mle ndani alilijua, na ndiyo maana hawakumtazama usoni.

Bibi Nanzia akaanza. "Navoneiwa mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini ungekaa ndani ya nini? Ya Kalage ilikuwa na paa na ilikuwa na mkaaji. Iko wapi?"

"Na ya Elisafi ilikuwa na udongo wako, Bibi," Mrindoko akasema. "Nayo iko wapi?" Akaunyoosha ule mguu mbele ya wazee, asiutaje.

"Kama tunapima miguu," Bibi akamjibu, "mimi nitaleta mgongo."

Wazee wakacheka kidogo, wakashukuru kupata cha kuchekea. Kisha mmoja wao akakumbusha desturi. Katika msaragambo, alisema, anayekula chungu cha makande ni yule mwenye tope mikononi wakati wa kazi. Mama huyu alikuja kazi imekwisha. Kukaa ndani ya nyumba si kazi, hata paka hukaa. Mwingine akamjibu kwamba tope la Navoneiwa lilikuwa mikononi miaka miwili, wakati la wengine lilikauka kwa mwezi mmoja. Mwingine akasema wao walitoka jasho kwa nyumba ya kijiji, yeye alisiriba alipolala mwenyewe, na kodi hakulipa. Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa.

Mwenyekiti akamgeukia Navoneiwa, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Ninaeli, hebu sema. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikaa."

"Zaidi ya kukaa?"

"Mwenyekiti, ulialikwa ukae wewe kwanza. Ulisema kifua cha mke wako."

Mzee Senkondo akatafuta kitu ndani ya kikombe.  Navoneiwa angeweza kuwahesabia zile Jumamosi, moja moja, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hahesabu. Tena alijua jambo jingine, ambalo hawakumwuliza. Udongo ungekuwa wa mtoni, angekuwa amefukiwa na watoto wake, na ile salamu ya njiani ingekuwa tanzia. Upenu ungekuwa mfupi, hali kadhalika. Yeye mwenyewe angepewa kalamu aandike jina, ingemkauka mkononi.

Mtu akasema wagawane. Hata wewe ulikuwa unalifikiria hilo, usijifanye. Vyumba ni viwili. Bibi Nanzia akasema hajalala nyumba moja na mwanaume mwenye mdomo tangu amzike mume wake, na haanzi leo. Mtendaji akasema ahadi ilitaja mtu mmoja, na kijiji kikianza kufuta ahadi zake zilizoandikwa, zile kaya kumi na mbili zitarudi kwenye matanuri kesho yake, maana zilijenga kwa kuliamini neno la kijiji. Mwingine akasema basi zijengwe nyumba mbili zaidi. Pembe ilishapigwa mara mbili kwa ajili hiyo. Walitokea watu wanne na mbwa.

Basi kalamu iko juu ya meza, na pengo linasubiri. Kuna bibi aliyeujua udongo na analala na kuku. Kuna fundi aliyeifukuza mvua na akaacha mguu wake pale. Kuna mama aliyekaa pale ambapo kila mtu aliogopa kukaa, na hana pengine. Ukimtoa yeyote, nyumba ni lundo la tope. Usimpe mtu kwa kumhurumia, maana wote watatu wanahurumisha, na nyumba haikusimama kwa huruma. Wala usiseme wataamua wazee. Wazee wamekula mchana kutwa na hawajaamua. Je, wewe ungeamua vipi? Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini wakikutazama?

 Mle ndani Bibi Nanzia alikuwa amelowesha kidole gumba kwa mate, anasugua mkwaruzo ukutani bila kujua kwamba anausugua. Mrindoko alikuwa ameinua uso, anasikiliza bati moja linalogonga kwenye upepo. Mtendaji akaomba chai nyingine. Navoneiwa akatazama ndoo, akakuta wameimaliza. Akajitwisha, akatoka kwenye jua, akaufunga mlango nyuma yake ili joto lisiwaingilie.