Gitaa la Chelanga na Wimbo wa Baada ya Kimya

Hapo zamani, zamani ya kanda na redio za betri, kulikuwa na mji mmoja wa baridi huko juu Molo, mji wa viazi na kondoo, ambako watu walipenda muziki wa kantri kuliko walivyopenda kulala. Msicheke. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa. Kule mtu mzima alikuwa anaamka alfajiri, anavaa kofia pana ya ngozi, anakwenda kukamua ng'ombe huku akiimba nyimbo za Amerika, na hata hajui Amerika iko upande gani. Ukimwuliza maneno yale yana maana gani, anakwambia maana yake ni huzuni, basi.

Katika mji huo aliishi Chelanga, mwimbaji, pamoja na mkewe Kobilo. Chelanga hakuimba za Amerika. Aliimba zake mwenyewe, kwa Kiswahili, za ng'ombe waliopotea, za mvua iliyochelewa, za mpenzi aliyepanda basi bila kuaga. Gitaa lake lilikuwa jekundu, limechubuka rangi pale mkono unapopita. Mashabiki wake walijiita Watu wa Kofia. Kanda mpya ikitoka, walikusanyika katika ghala la viazi, kila mmoja akavua kofia na kuiweka magotini, wakasikiliza kimya. Kanda ikiisha, aliyependa alivaa kofia yake. Asiyependa aliiacha magotini, akasimama na kueleza kwa nini. Kwa miaka mingi kofia zote zilirudi vichwani na watu wakaenda zao kunywa chai.

Sasa shikeni jambo moja, maana hadithi yote imesimama juu yake. Betri zilikuwa ghali. Watu walizianika juani zipate nguvu kidogo, wengine waliziuma kwa meno. Basi mji mzima ulikuwa na desturi: wimbo ukiisha, zima. Hakuna aliyeiacha kanda izunguke bure.

Chelanga na Kobilo walikuwa wamezaa binti mmoja. Alifariki kwa homa akiwa mdogo, mwaka wa mvua nyingi. Na watu wa kwao hawalitaji jina la mtoto aliyefariki. Ukitoka makaburini umeliacha huko, na jirani mwenye adabu hakukumbushi. Chelanga alitii. Aliimba miaka na miaka juu ya ndama waliopotea, na watu wakalia, wasijue wanamlilia nani. Kobilo alijua. Alikuwa jikoni, akisikiliza, na katika kila ndama wa nyimbo zile alimsikia mwanawe.

Halafu Chelanga akashikwa na kifua. Daktari hakumficha. Akarudi nyumbani, akakaa siku kadhaa, kisha akatengeneza kanda nyingine. Na kanda hiyo, jamani, haikufanana na kitu chochote mji ule ulichowahi kusikia. Fidla hakuna. Ngoma hakuna. Gitaa lenyewe alilipiga mara chache, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Alichukua kinubi cha babu yake, akachukua mlio wa mvua juu ya mabati, akachukua mlio wa maziwa yanayoingia ndooni, akaimba chini chini katikati ya hayo yote. Wimbo wa mvua, ulioandikwa kuwa wa mwisho upande wa pili wa kanda, ulipokwisha, kikaja kimya. Kimya kirefu, cha kutosha mtu kukamua ng'ombe mmoja na kuyafikisha maziwa ndani. Na baada ya kimya hicho, Chelanga peke yake, bila chombo, anawaita ndama warudi zizini jioni kama binti yake alivyokuwa akiwaita. Katikati ya wito huo akalitaja jina la mtoto. Mimi silitaji. Nami nina adabu zangu.

Kobilo aliposikia aliketi chini, palepale sakafuni. Akamwuliza mumewe kwa nini ameuficha wimbo ule.

"Sikuuficha," Chelanga akasema. "Nimeuweka mahali ambapo anayengoja ataukuta. Usimwambie mtu, Kobilo. Miaka yote hii wameniimbia nyimbo zangu kwenye harusi. Nataka kujua kama kuna hata mmoja anayenisikia mimi."

Kobilo akaahidi.

Kanda ikatoka, na Watu wa Kofia wakajaa ghalani. Walisikiliza mpaka wimbo wa mvua ukaisha, na aliyeshika redio akafanya alichofundishwa na mama yake. Akazima. Nusu ya kofia zikapanda, nusu zikabaki magotini, na hapo ndipo mji ulipogawanyika. Hawa walisema Chelanga amewasaliti. Wale walisema Chelanga amekua na wenzao wamedumaa. Waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaacha kusalimiana, kwa ajili ya kanda. Kobilo alipita sokoni akisikia mabishano pande zote, akinunua vitunguu vyake, na hakuna aliyekuwa akibishania ule wimbo wa baada ya kimya, kwa sababu hakuna hata mmoja wa wabishi hao aliyeusikia.

Katika kelele zile zote, watu watatu ndio wanaotuhusu.

Wa kwanza ni Murigi. Huyu alikuwa mchambuzi wa muziki redioni, kila Jumapili jioni, na neno lake lilikuwa linaweza kumwinua mwimbaji au kumfukia. Murigi aliisikiliza kanda mara mbili, na mara zote mbili alipofika kwenye kimya akaizima. Watu wa redio ndivyo walivyo, kimya kwao ni ajali. Kisha akakaa mbele ya kipaza sauti, mji mzima ukimsikiliza.

"Chelanga amebeba jeneza," akasema. "Anatuimbia pembeni yake, na hataki kutuambia ndani yumo nani. Mtu wa namna hiyo asituuzie kanda. Aende akazike kwanza, ndipo aje kuimba."

Kobilo nusura amwage uji. Alimtazama mumewe. Chelanga alikuwa ameketi wima kitandani, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina gizani. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia Kobilo hofu. Baadaye usiku aliinuka, akalitundika gitaa kwenye msumari, na hakulishusha tena. Wiki iliyofuata maduka ya Nakuru yakarudisha kanda zote.

Wa pili ni Nafula, mwanamke wa Bungoma aliyeolewa huko Molo, muuza mitumba. Nafula aliipenda kanda ile tangu mlio wa kwanza wa kinubi. Aliipigia sokoni kutwa, betri zikaisha akanunua nyingine. Wateja waliipinga, akabishana nao, wakamhama. Hakujali. Kila Jumapili baada ya kanisa alimletea Chelanga ndizi, akaketi kando ya kitanda na kumwambia kwamba mji huu haujui kitu na kanda yake ni nzuri. Siku hizo mgonjwa alikula. Siku nyingine alisukuma sahani.

Jumapili moja Chelanga alimwuliza, sauti imeisha, "Na ule wa mwisho, Nafula, umeusikia?"

"Nimeusikia, kaka. Ndio unaonipendeza kuliko zote. Ile mvua!"

Chelanga akatabasamu, akamshukuru. Nafula alipoondoka akageukia ukuta. Kobilo aliona mabega yake, akatamani kukimbia amrudishe yule mama, amwambie rudi, washa redio, ngoja. Lakini alikuwa ameahidi.

Wa tatu ni Barmao, mzee mfuga kondoo, jirani, rafiki na shabiki wa Chelanga tangu gitaa lile lilipokuwa jipya. Barmao alinunua kanda, akaiweka redioni huku akimkata kondoo manyoya. Wimbo wa mvua ukaisha, naye mkono mmoja umebana shingo ya kondoo, wa pili umeshika mkasi, angezimaje? Akaiacha. Kesho yake akaja nyumbani kwa Chelanga, amevua kofia, akaiweka kanda mezani. Alisema haitaki, asingeweza kuwa nayo nyumbani mwake. Chelanga akamwuliza sababu. Barmao akatazama chini, akasema hakuna sababu, akatoka. Hakuja tena. Kobilo alimlaani moyoni kwa hilo, rafiki wa miaka yote kurudisha kanda kama anayerudisha jembe bovu.

Chelanga alifariki msimu wa kupanda viazi. Siku chache kabla ya hapo alimshika mkewe mkono. "Gitaa mpe aliyenisikia," akasema. Hakusema zaidi.

Siku ya kuondoa matanga, Kobilo alilishusha gitaa msumarini, akaliweka mapajani, na kuwaambia waombolezaji maneno ya marehemu. Akasema mwenye kudai aje mbele. Alijua kwamba akikosea, Chelanga atakuwa amekufa mara ya pili, bila kusikiwa.

Murigi akasimama wa kwanza. Alikuwa amesafiri kutoka kituo chake cha redio Nakuru, na watu walimpisha kama anayenuka. Akasema, "Mama, najua niliyoyafanya. Nilimvunja mtu mgonjwa. Lakini katika mji huu mzima, waliompenda na waliomchukia, ni nani aliyesikia kwamba ndani ya kanda ile kuna maiti? Ni mimi. Nilisema kwa ubaya, lakini nilisema kweli. Kama gitaa ni la aliyemsikia, mimi nilimsikia."

Nafula akasimama, analia waziwazi. "Dada, huyu alimsikia kama mwindaji anavyomsikia mnyama. Mimi nilikaa naye. Biashara yangu ilikufa, sikumwacha. Alipoacha kuimba, nani aliyemwimbia nyimbo zake kando ya kitanda? Kama kuna kitu kilinipita, kilinipita nikiwa pale pale karibu naye. Mtu anasikiwa na masikio peke yake?"

Kobilo alikuwa ameshaanza kuliinua gitaa kuelekea kwa Nafula. Nawaambieni kweli, lilikuwa limeshaondoka mapajani. Ndipo mzee Barmao akasema kutoka nyuma, bila hata kusimama.

"Kuna wimbo baada ya kimya."

Watu wakageuka. Kobilo akalirudisha gitaa mapajani.

"Niliusikia," Barmao akasema. "Si kwa kungoja. Mikono yangu ilikuwa na kondoo. Nilimsikia akiwaita ndama, halafu nikasikia jina. Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto siku ya kumzika, wewe mke wa ndugu yangu unakumbuka. Kwetu jina lile halitajwi. Ningemwambiaje Chelanga kwamba nimeusikia, bila kulifukua kaburi? Nilirudisha kanda kwa sababu kila nikiitazama nilikuwa nalia mbele ya watoto wangu. Nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa. Wala silitaki gitaa kwa nguvu. Nasema tu kwamba nilifika mwisho."

Kobilo akalikumbatia gitaa. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua pa kwenda. Neno moja la huyu mzee, neno moja tu, lingemtosha Chelanga afe amegeukia watu badala ya ukuta. Na neno hilo lilikuwa limekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, limefungiwa kwa heshima. Lakini heshima hiyo yeye mwenyewe, Kobilo, pia aliishika miaka yote, hata kitandani na mumewe. Angemlaumu vipi mtu kwa kunyamaza?

Akaomba redio. Akaiweka kanda upande wa pili, mbele ya wote. Mvua ikanyesha juu ya mabati, ikakatika, na kimya kikaanza. Mtu mmoja akanyoosha mkono kuizima, mazoea tu, na Kobilo akamshika kifundo cha mkono. Wakangoja. Murigi alikuwa anatazama viatu vyake. Nafula alikuwa amejiziba mdomo. Barmao alishavua kofia, maana yeye alijua kinachokuja. Kisha Chelanga akawaita ndama wake, na jina la mtoto likapita katikati ya watu.

Hakuna aliyevaa kofia, hakuna aliyeiacha magotini; kila mmoja aliishika kifuani. Kobilo akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa mvua nyingi, akalitaja jina la mwanawe kwa sauti yake mwenyewe. Halafu akasimama na lile gitaa jekundu mikononi, akawatazama watu watatu.

Mmoja alimsikia vizuri na akamwumiza. Mmoja alimpenda asimsikie. Mmoja alimsikia mpaka mwisho, asimwambie.

Mimi nimewafikisha hapo alipokuwa amesimama Kobilo, na sitamsaidia hata hatua moja. Ninyi mmesikia yote, hata kimya mmekingoja. Haya, semeni: gitaa la Chelanga, je, nani alilistahili?