Salamu za Mchwa na Dishi la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu kwa pua? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa bwawa, akakaa mwenye tumbo. Pakawa kichuguu, akakaa mwenye mbio. Mwenye tumbo ni nani?

Kiboko!

Na mwenye mbio?

Nguchiro!

Mmejuaje na mimi sijasema? Tunu, weka simu chini. Hadithi yenyewe inaihusu hiyo simu yako, basi iache nayo isikilize.

Zamani, lakini si zamani sana, wanyama wa Nyika Ndefu walikuwa na simu zao, na simu zao zilipita kwenye vichuguu. Juu ya kila kichuguu Bi Nguchiro na wanawe walisimika kimnara cha waya, kifupi, ukikiona utacheka. Kichuguu hiki kinasikilizana na cha jirani, na cha jirani kinasikilizana na cha mbele yake. Neno likitoka mtoni, fyuu! linatua. Fyuu! linatua. Fyuu! limefika mlimani. Na kila kichuguu kilikuwa na watu wake wachache, kwa hiyo waliopiga soga huku hawakuwaziba midomo waliopiga soga kule.

Vichuguu walivijenga mchwa. Bi Nguchiro alikuwa mpangaji tu, na kila asubuhi alitoka mlangoni akasema, "Ahsanteni, wenye nyumba." Je, hakuwahi kumtafuna mmojammoja? Machano, maswali mwisho. Hii ni ngano.

Sasa, vichuguu vilikomea pale mchanga unapoanza, maana mchwa hawajengi kwenye mchanga mtupu. Na huko kwenye mchanga ndiko alikohamia Mbuni.

Mbuni huyu si mtu wa hivihivi. Mwaka nyika ilipoungua, moto ulikuja, wuu! wuu! na Bi Nguchiro hakujua awabebe wanawe kwa mkono upi. Mbuni akapiga magoti mbele ya kichuguu. "Pandeni, wanangu, shikeni manyoya." Wakapanda wote, akatimka nao katikati ya moshi mpaka ng'ambo ya mto. Wema huo Bi Nguchiro hakuusahau. Na sasa Mbuni alikuwa jangwani peke yake, analalia mayai, na hakuna aliyejua kama yu mzima. Kila jioni Bi Nguchiro alisimama kwenye kichuguu cha mwisho, akaita, "Mbuniii!" Akajibiwa na upepo.

Tai wakamhurumia. Tai ndio wenye setilaiti, ile inayopita juu kabisa. Wakaleta dishi moja, jeupe, la duara. Wakasema, "Dishi hili ni la Mbuni. Litazungumza na setilaiti moja kwa moja, halihitaji kichuguu." Lakini jua lilikuwa limezama, wakaliacha bwawani kwa Kiboko lilale hapo usiku mmoja.

Usiku mmoja! Kiboko alilijaribu. Akafungua mieleka ya viboko wa mto wa mbali, picha ikaja safi, maji yanaruka mpaka unataka kujifuta uso. Akacheka, ho! ho! ho! Asubuhi Bi Nguchiro alipofika, alimkuta ameliweka dishi mgongoni. Amelifunga kwa ukambaa, haachani nalo hata akienda kula.

"Hodi, Mzee Kiboko."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Nguchiro. Nimefuata dishi la Mbuni."

"Mbuni yuko mmoja. Mmoja atanipa nini? Hapa watakuja wote, na kila mmoja ataniletea fungu la nyasi."

"Mzee, litatosha wote hilo?"

"Wewe ni mshamba, Nguchiro. Huko juu ni mbinguni. Umewahi kuona mbingu imejaa?"

Wakaja. Akaja Twiga na nyasi zake. Akaja Punda Milia na nyasi zake. Wakaja Nyumbu, nao Nyumbu mnawajua, hawaji kumi. Kiboko akala, akala, akala. Siku ya kwanza picha ilikuja, pwa! Wiki iliyofuata ikaja, pwaa... Mwezi ulipoisha ikawa inakuja kama mtu anayepanda mlima na gunia. Kiboko hakujali. Kwa wenzake ilisitasita, kwake iliendelea, maana alijipa zamu ya kwanza.

Bi Nguchiro alikaa juu ya kichuguu akafikiri. Aliona jambo ambalo Kiboko hakuliona. Wingu linaweza kutia kivuli shamba zima, na bado likawa na maji ya mtungi mmoja. Wote waliokuwa chini ya setilaiti ile walikinga kikombe kwenye mtungi huohuo. Basi akarudi bwawani, safari hii ameinama mpaka pua inagusa tope.

"Mzee Kiboko, nimekuja kukusifu. Kweli mbingu haijai."

"Ho! ho! Umekubali?"

"Nimekubali. Nashangaa jambo moja tu. Mbona mchwa umewaacha?"

Kiboko akatoa sikio majini. "Mchwa nao wana nyasi?"

"Mzee! Kazi yao nini kutwa kucha? Ghala zao zimejaa."

"Wako wangapi?"

"Hata wao hawajui."

Macho ya Kiboko yakatoka. "Walete. Walete wote leo hii."

Wakaja. Chakachaka, chakachaka, chakachaka, kila mchwa na kipande chake cha nyasi. Kiboko akala mpaka tumbo likagusa kingo zote mbili za bwawa. Jioni akajilaza atazame fainali ya mieleka. Yule bingwa akainua mguu, amkanyage mwenzake... na mguu ukabaki juu. Kiduara kikaanza kuzunguka. Zungu, zungu, zungu.

Kumbe mchwa wana desturi yao. Mchwa hasemi neno kabla hajamaliza salamu. "Hujambo?" "Sijambo." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." "Malkia hajambo?" "Hajambo." "Udongo haujambo?" "Haujambo." "Na ukuta ule ulioanguka msimu wa mvua?" "Umesimama." Akimaliza huyu, anaanza yule, maana kuulizwa bila kuuliza ni utovu wa adabu. Na wote walikuwa wanasalimiana pamoja, nyika nzima, kwenye mtungi mmoja.

Kukapambazuka, mguu uko juu. Jua likawa la utosi, mguu uko juu. Kiboko akanguruma, "Nguchirooo! Nini kinakula mtandao wangu?"

"Salamu, Mzee."

"Waambie wanyamaze!"

"Umekula nyasi zao. Zirudishe, watanyamaza."

Kiboko akatazama tumbo lake. Nyasi za huko hazirudi, na zikirudi hakuna mchwa atakayezipokea.

Wakati huo chakachaka ikasikika tena. Mchwa walikuwa wanapanda mgongoni kwake, safu kwa safu, wameingia masikioni, wameingia puani. "Hujambo, Mzee? Tumekuja kuuliza habari ya salamu zetu. Zimekwama. Watoto hawajambo? Bwawa halijambo?"

"Aaachi! Aaachi! Ng'oeni dudu hili mgongoni! Nguchiro, litoe! Lipeleke hata kuzimu!"

"Kuzimu ni mbali, Mzee. Mimi nitaishia jangwani."

Kiboko akajitikisa, kamba ikakatika, dishi likaruka likaanguka kwenye majani. Watoto wa Nguchiro wakalisimamisha kwa ubavu, wakalisukuma. Biringi, biringi, kichuguu cha kwanza. Biringi, biringi, kichuguu cha pili. Mchwa wakatangulia wakisawazisha njia, na huku nyuma wanyama wakarudi mmojammoja kwenye vichuguu vyao. Kichuguu cha mwisho kikapitwa, wakaingia mchangani, miguu inaungua, wakamkuta Mbuni amekaa juu ya mayai yake, amekonda, yu hai. Wakaliweka dishi kando yake, likaangalia juu. Wakarudi kwao.

Jioni ile Bi Nguchiro alikuwa kwenye kichuguu cha mwisho. Simu ikalia.

"Nguchiro? Hujambo, mdogo wangu?"

Bi Nguchiro akawaita wanawe waje wasikie.

"Wale watoto niliowabeba hawajambo?"

"Hawajambo, Dada. Ndio waliokuletea dishi."

"Na mto haujambo? Na vichuguu?"

Mbuni alikuwa hajasalimiana na mtu tangu ahame, basi akauliza moja baada ya jingine mpaka giza likaingia, na sauti haikusita hata mara moja, maana jangwa lote lilikuwa na yeye peke yake. Mwisho ndipo akasema, "Sikiliza." Bi Nguchiro akasikiliza. Ko! Ko! Ko! Yai lilikuwa linapasuka.

Asubuhi Bi Nguchiro alitoka mlangoni. "Ahsanteni, wenye nyumba," akasema, kisha akainua uso. "Na ninyi wa huko juu, ahsanteni."

Na Kiboko? Alitia kiburi chake mfukoni, akaja kwenye kichuguu kilicho karibu na bwawa, akaomba. Wakamruhusu. Ule mguu ukashuka. Bwa! Bingwa akashinda, Kiboko akalia kwa furaha, na tangu siku hiyo anamwagia kichuguu kile maji kisipasuke.

Hadithi nimeibiringisha hadi hapa. Anayeitaka aibiringishe kwake.



Nawe Tunu, chukua simu yako. Mpigie shangazi yako, yule aliyekulea. Muulize kila kitu.