Kiwanja Namba Ishirini na Moja

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii mimi mwenyewe nimeshindwa kuifunga. Nimeibeba tangu mwaka juzi, na kila nikiisimulia watu wanagombana.

Huko Msufini Juu, penye shamba la zamani lililokatwakatwa kuwa makazi, waliishi watu watatu. Bi Sikudhani, mjane, alijaliwa kumbukumbu: alichokiona mara moja hakikumtoka. Mbwilo, mchimba visima, aliyajua maji. Aliweza kutazama ardhi ya kiangazi akakuonyesha mahali maji ya mvua yatakapopita. Zaituni, muuza chapati, alijaliwa maneno. Mtu akiwa ameshanuna wiki nzima, Zaituni alimkalisha chini akamtoa kicheko.

Kaya zilikuwa ishirini na tatu. Walinunua kwa kuhesabu hatua za miguu, wakajenga kila mtu alivyojisikia, mlango wa huyu ukitazama choo cha yule. Halmashauri ikaleta mpima, Bwana Kigodi, mtu wa haraka mwenye faili lililofungwa kwa mpira. Akawasomea masharti matatu. Kiwanja kisipungue mita za mraba mia tatu. Kila kiwanja kiguse barabara yenye upana wa mita sita. Na pasiwe na kiwanja kwenye mkondo wa maji.

"Leo Jumatatu," akasema. "Ijumaa jioni narudisha mchoro ofisini. Msipoelewana, hapa panabaki shamba kwenye vitabu, na nyumba zenu zote ni za kuvunjwa."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani asikae. Alifagia uwanja aliokwisha kuufagia. Alibandika maji ya chai, akayaacha yakauke jikoni. Alikuwa na wajukuu wawili na nyumba ya vyumba viwili, basi. Hakuwa na shamba kwingine wala ndugu wa kumpokea. Na kuna jambo alilijua yeye peke yake, likamkosesha raha kutwa nzima.

Jumanne kazi ilikwama mapema. Kila mpaka ulikuwa na ugomvi, na Kigodi hakuweka jiwe la mpaka penye ugomvi. Hapo Bi Sikudhani akajitokeza. Shamba lile lilikuwa la baba mkwe wake, na yeye, bi harusi mgeni, ndiye aliyebeba kikapu cha mkaa siku mzee alipoligawa kwa wanunuzi. Desturi ya kwao ilikuwa kuzika mkaa na vigae vya vyungu chini ya kila mpaka, kwa sababu ua wa minyaa huhamishika, lakini mkaa hauozi na hakuna anayekumbuka kuuhamisha.

"Chimbeni hapa," akasema. Wakachimba, mkaa huo. "Na hapa." Mkaa. Waliokuwa wakitukanana asubuhi wakaanza kukopeshana majembe.

Mwisho wakafika kwake. Angeweza kuonyesha penye ua wake, nani angembishia? Lakini ua ule marehemu mumewe aliusogeza miaka kumi na tisa nyuma, naye aliona akanyamaza. Sasa alimkasirikia marehemu, akajikasirikia na yeye. Akatembea hatua saba ndani ya uwanja wake mpaka ukutani kwa jiko.

"Chimbeni hapa."

Mkaa ukatoka. Kigodi akapima kilichobaki: mita mia mbili na arobaini. "Hiki si kiwanja, mama yangu," akasema, bila ubaya wowote. Kikaunganishwa na cha jirani, naye akabaki hana.

Jumatano Kigodi alikunjua mchoro wake mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, Mbwilo akakohoa.

"Bwana mpima, barabara umeilaza pakavu, watu umewapeleka mtoni."

"Mto gani? Pale si nyasi tu?"

Mbwilo alichukua koleo, akachimba hadi magotini, akatoa mchanga mweupe na vijiwe vya mviringo. "Hivi havikuzaliwa hapa. Vimeletwa na maji, na masika makubwa yatapita tena njia hii hii." Wakaufuata mchanga ule shimo baada ya shimo. Viwanja vitano vikasogezwa juu, watoto wa watu wakanusurika. Nyumba moja tu ilikaa katikati kabisa ya mkondo, haisogezeki, mabati yake bado yanang'aa kwa upya. Ilikuwa ya Mbwilo, naye alijua tangu shimo la kwanza.

Basi barabara nayo ikabidi ihame, ikaangukia uwanjani kwa jirani yao Kapalata. Kapalata alifunga geti akaweka kiti nyuma yake. Bila uwanja ule, viwanja kumi na kimoja havikuwa na njia. Mwenyekiti alikwenda akarudi. Wazee wa msikiti walikwenda, wachungaji walikwenda, wote wakarudi. Alhamisi Zaituni akaenda na sufuria ya chapati, akakaa chini nje ya geti tangu asubuhi, akiongea kupitia matundu. Saa kumi geti likafunguka kidogo.

"Dada, nimekuelewa," akasema Kapalata. "Lakini mimi niende wapi? Nipeni kiwanja kizuri kama hiki nihame leo. Kipo?"



"Kipo," akasema Zaituni. "Changu."

Kapalata alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Kiwanja kile Zaituni alikuwa ameshakiwekea msingi wa vyumba vitatu, tofali baada ya tofali, kwa chapati zile zile.

Ijumaa saa tisa mchoro ukatimia. Viwanja vilikuwa ishirini na kimoja. Ishirini vilikuwa na majina ya wenyewe, na kimoja kikabaki pale kona ya juu: pakavu, barabarani, mita mia tatu na kumi. Hakigawanyiki, sharti la kwanza linakataa. Na watu watatu wamesimama bila pa kwenda.

"Nimwandike nani?" akauliza Kigodi, kalamu mkononi. "Gari langu linaondoka."

Zogo likalipuka. Mmoja akasema apewe Bi Sikudhani, bila mkaa tungekuwa tunatukanana hadi sasa. Mwingine akamjibu, huyo amerudisha kisicho chake, tena amekila miaka kumi na tisa! Basi Mbwilo, ameokoa roho za watu. Ah, Mbwilo nyumba yake si ingesombwa hata angenyamaza? Basi Zaituni, aliyetoa kilicho chake halali. Lakini nani alimlazimisha? Alitoa mwenyewe.

Bi Sikudhani alikuwa akizunguka nyuma ya watu, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Alikitaka kiwanja kile, na aliona haya kukitaka. Mwishowe akasimama.

"Msinitazame kwa huruma," akasema. "Nakitaka. Nakitaka sana. Na hawa wawili wanakitaka kama mimi. Amueni ninyi, mliopata."

 Zaituni na Mbwilo walikuwa wameinamisha vichwa. Wale ishirini wakatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Kigodi amesimama, kalamu ipo juu ya karatasi. Haya, msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu. Wewe uliyeketi hapo, jifanye una kiwanja chako tayari na jina lako limeshaandikwa. Ungeamua vipi? Ungetaja jina la nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini wakiwa wamesimama mbele yako?