Kwa Nini Uso Una Nyusi Mbili

Mnaoniuliza kwa nini bibi harusi wetu hajitindi nyusi mwenyewe, kaeni vizuri, maana jibu lake ni la zamani kuliko harusi zenu.

Zamani hizo uso wa binadamu haukuwa hivi. Hapakuwa na nyusi mbili. Kila mtu alikuwa na unyusi mmoja, mnene, ulioanzia karibu na sikio hili ukapita juu ya macho na juu ya pua hadi karibu na sikio la pili bila kukatika. Ulirefuka kama nywele za kichwani. Ulichanwa, ulipakwa mafuta, na ulipozidi ulitindwa. Watu waliuita upenu wa uso, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ileile ya upenu wa nyumba: maji ya juu yasiingie ndani. Wala haukusogea. Mtu acheke, alie, ashangae, unyusi wake ulikaa palepale kama boriti.

Katika zama hizo waliishi wapika chumvi wa Nyamkoge. Kwao ilikuwapo chemchemi ya maji machungu, na wanawake waliyateka maji hayo, wakayachemsha katika vyungu vipana siku kutwa mpaka yakauke na chumvi ibaki chini. Msichana wao alipoposwa, alipika chungu kimoja mbele ya wakwe. Maji yakikaribia kwisha na chumvi kuanza kushika, alikamata mwiko kwa mikono miwili na hakuuachia tena, kwa sababu chumvi inayoshika ikiachwa kidogo tu huungua. Hakuruhusiwa kupangusa uso, wala kupanguswa. Jasho la paji lilinaswa na unyusi, likateremka pembeni, likadondokea begani. Chumvi ikitoka nyeupe, wakwe waliionja, wakaifunga katika majani, na posa ikawa ndoa. Ikitoka na doa, walirudi kwao, na hakuna aliyewalaumu.

Kalunde alikuwa msichana wa Nyamkoge. Alilelewa na shangazi yake, Nyamizi, mwanamke wa maneno machache. Aliyemposa alikuwa Lugendo, kijana wa milimani, mmoja wa wale waliowaletea wapika chumvi kuni. Kalunde alimpenda kwa jambo moja dogo: wenzake walipofika waliitupa mizigo chini, yeye aliutua wake taratibu, asije akavunja chungu cha mtu. Basi Kalunde alikitaka chungu kile kitoke salama kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Lakini unyusi wake ulimtia haya. Ulikuwa mnene kuliko wa msichana yeyote pale, na kwenye chemchemi wenzake hawakuacha kuutaja.

“Kalunde,” alisema Milembe siku moja, akijitwika mtungi, “mvua ikinyesha leo tutajibanza kwako.”

“Tusijibanze upande wa kushoto,” mwingine akadakia. “Kuna kuku ameatamia.”

Walicheka, na Kalunde akacheka kuwashinda. Kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tangu hapo akawa anajitazama katika dimbwi la maji yaliyotulia kando ya chemchemi. Alijiuliza kama autinde au auache. Akiuacha, wakwe watauona. Akiutinda, watu watajua kwamba yale maneno yalimwingia. Na kama ni kuutinda, autinde vipi? Apunguze ncha, au ang'oe kutoka chini? Aanzie penye pua au penye sikio? Siku mbili kabla ya wakwe kuja, alimwendea shangazi yake, aliyekuwa akiziba ufa wa chungu kwa udongo.

“Shangazi, unyusi wangu si utindwe kabla hawajafika?”

“Utindwe. Kesho jioni nitakutinda.”

“Kiasi gani?”

“Kiasi cha jasho kupita.”

Nyamizi akaendelea na ufa wake. Kalunde alisimama pale akingoja neno jingine, halikuja. Kiasi cha jasho kupita hakikuwa kipimo kwake. Yeye alitaka kujua ni unywele upi utakaobaki na upi utakaoondoka. Aliona haya kuuliza mara ya pili, maana shangazi angejua jinsi jambo lile lilivyomkaa moyoni.

Hata wakati huo watu walisema kinyozi hajinyoi. Unyusi wa mtu ulitindwa na mwenzake, kwa sababu mkono unaoshika kijembe cha kunyolea humziba mwenyewe jicho. Kalunde alilijua hilo. Hata hivyo kesho yake mchana, wanawake walipolala kukwepa jua, alifunga jivu katika jani, akachukua kijembe cha shangazi yake, akaenda dimbwini peke yake.

Alianza vizuri. Alipaka jivu ili vinyweleo visiteleze, akang'oa vichache upande wa kulia, chini kabisa, akajitazama. Pakapendeza. Akang'oa upande wa kushoto ili ulingane, lakini maji yalitikisika, na yalipotulia aliona kushoto kumekuwa kwembamba kuliko kulia. Akarudi kulia. Sasa kulia kukawa kumepungua, tena kumepanda juu kidogo. Akashika kijembe, akanyoosha kushoto. Kijembe kikaacha kijinjia. Ili kile kijinjia kisionekane, akanyoa kando yake. Kila aliposawazisha upande mmoja alikuwa anauharibu wa pili, na kila mara alijiambia kwamba amebakiza kidogo tu. Kivuli kilipofika dimbwini, juu ya macho ya Kalunde palikuwa peupe kama kiganja.

Alikaa pale muda mrefu, mkono juu ya paji, kana kwamba dimbwi lingeweza kwenda kusema. Kisha akaenda kwenye vyungu vya zamani, akakwangua masizi, akayachanganya na mafuta, akajichora unyusi kutoka sikio hadi sikio. Aliuchora mwembamba, wa kupendeza, kama alivyoutamani. Jioni shangazi yake alipomwita akatindwe, alijibu kutoka gizani mwa nyumba kwamba kichwa kinamuuma, na Nyamizi akamwacha alale.

Asubuhi wakwe walifika. Aliyewaongoza alikuwa Nyanzobe, mama yake Lugendo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kalunde alipiga magoti, akawaamkia, akainamisha uso kama heshima inavyotaka. Hakuna aliyemtazama sana. Moto ukawashwa, maji yakamiminwa, na mvuke ukapanda ukamficha. Maji yalipokuwa yakichemka, Kalunde alianza kuamini kwamba atapona.

Kisha maji yakapungua, chumvi ikaanza kushika, akakamata mwiko kwa mikono miwili.

Jasho la kwanza lilimteremkia juu ya jicho, likachukua masizi, likapita kando ya pua. Alilihisi likining'inia kwenye ncha ya pua. Alilipuliza. Halikuondoka. Likadondoka, na katika weupe wa chumvi pakatokea doa kama punje ya ulezi. Likaja la pili, na la tatu. Mafuta yenye masizi yalimwingia machoni yakamchoma, akawa haoni anachokoroga. Akiachia mwiko, chumvi itaungua mbele ya wakwe. Akiendelea, mkono wake mwenyewe ndio utakaoyasambaza yale madoa chungu kizima. Aliendelea. Alikoroga akiwa amefumba macho, akisikia watu walivyonyamaza mmoja baada ya mwingine.

Chungu kilipoepuliwa, chumvi ilikuwa ya rangi ya jivu.

“Mwanangu,” alisema Nyanzobe, “inua uso.”

Kalunde akainua. Masizi yalikuwa yamemchirizika hadi kidevuni, na juu ya macho hapakuwa na kitu.

“Uso wako umeuweka wapi?”

 Kalunde alingoja wacheke. Angewashukuru. Lakini hakuna aliyecheka. Hata Milembe alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, na jambo hilo lilimshinda Kalunde kuliko kicheko.

Nyamizi akasogea.

“Umejitinda mwenyewe?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Nilikwambia nitakutinda. Kwa nini hukuningoja?”

“Niliona haya kuuliza mara ya pili.”

 Kalunde alikuwa akisubiri asikie kwamba yeye si mtoto wa nyumba ile. Badala yake shangazi yake akawageukia wakwe.

“Moto bado unawaka, na chemchemi haijakauka. Mna haraka?”

“Tulikuja kula,” alisema Nyanzobe. “Mwenye kuja kula hana haraka. Lakini atapika kwa uso upi?”

 Nyamizi alikichukua kijembe chake, akaenda akapiga magoti mbele ya Milembe, mtu mzima mbele ya msichana, akampa.

“Nitinde. Hapa katikati, juu ya pua.”

“Mama, patabaki pengo,” alisema Milembe.

“Pembeni ndiko jasho linakopita. Katikati naweza kumwazima mwanangu.”

Milembe akakata. Nyamizi akakipokea kile kipande cha unyusi wake, akakipaka ulimbo wa kunasia ndege, akakibandika juu ya jicho la Kalunde. Kilikuwa kidogo mno. Milembe alikitazama. Kisha bila kuambiwa akampa jirani yake kijembe, akainua kidevu.

“Kata na mimi. Nilishasema nitajibanza kwake. Nisije nikanyimwa nafasi.”

Wakafuata wengine. Mmoja alipiga magoti, mwenzake akakata, kijembe kikasonga mbele. Vipande havikutosha kuvuka pua, kwa hiyo Nyamizi akavipanga juu ya kila jicho peke yake. Vingine vilikuwa vya vinyweleo vigumu, vingine laini, vingine vyenye mvi. Vingine vilielekea juu, vingine pembeni. Upande wa kushoto ulipanda kidogo kuliko wa kulia. Kalunde aliviona vyote vikija, na kila kimoja kilipogusa ngozi yake aliona kama kinamuunguza. Afadhali wangempiga. Akipigwa mtu, maumivu ni yake. Haya yalikuwa kwenye nyuso za watu wengine.

Wa mwisho alikuwa Nyanzobe.

“Huyu si mtoto wenu bado,” Nyamizi alimwambia kwa upole. “Hakuna aliyekudai.”

“Kesho nitaulizwa huko kwetu mkwe wangu alizipata wapi nyusi zake,” alisema Nyanzobe akijikunja magotini. “Nisije nikasema uongo kwenye uzee huu. Kateni.”

Chungu cha pili kikapikwa. Kalunde alishika mwiko kwa mikono miwili, na jasho likaja, likagawanyika, likapita pembeni. Machozi hayakuwa na upenu. Lakini alikuwa amekwisha kulia, na hakuna chozi lililodondoka. Chumvi ilitoka nyeupe.

Nyanzobe akaonja. “Nzuri,” alisema. Akaifunga katika jani, kisha akagusa pengo la juu ya pua yake. “Ila mkwe, ukitaka kujitazama usihangaike na madimbwi. Nitazame mimi. Hapa ndipo ulipo.”

Watu walicheka sasa, na posa ikawa ndoa. Wanaume wa pande zote mbili, ambao hawakai penye chungu cha posa, waliporudi wakawakuta wake zao na mapengo, wakaambiwa sababu, nao wakakatana, wengine kwa kunung'unika. Waliokuwa safari za mbali hawakukatwa. Watoto waliozaliwa baadaye walizaliwa na mapengo yao.

Kalunde aliishi miaka mingi na Lugendo, na kuni zake zilituliwa taratibu. Lakini hakuwahi kumwangalia mwanamke usoni bila kuanza na lile pengo. Na kila alipoliona, vipande vilivyobandikwa juu ya macho yake, vilivyokwisha kushika mizizi, vilijivuta kuelekea katikati, kama vinavyotaka kurudi mahali vilikotoka. Ndiyo mara ya kwanza nyusi kusogea katika uso wa mtu.

Na tangu siku hiyo, uso una nyusi mbili. Hazirefuki kama nywele za kichwani, kwa kuwa kilichoazimwa hakijitanui. Vinyweleo vyake havielekei upande mmoja, na hakuna mtu ambaye nyusi zake za kulia na kushoto zinalingana kabisa, hata akae mbele ya kioo mpaka jua lizame. Mkimwona mtu ambaye nyusi zake zimekutana, msimcheke: wa kwao alikuwa safarini siku ile, naye amebaki na uso wa kwanza. Na bibi harusi wetu hupiga magoti mbele ya mwenzake, akauliza mara mbili, mara tatu, kiasi gani, mpaka aridhike, ndipo kijembe kimguse.

Tena mtazameni mtu yeyote anapoona aibu. Kabla hajainamisha kichwa, kabla hajapata neno la kusema, nyusi zake husogeleana juu ya pua. Zinakitafuta kile kipande cha katikati, na hazikipati.